Chansi yako ya kupata chuo cha serikali kisichogombewa sana inahesabiwaje

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka swali ni lile lile: "nina divisheni three ya 15, naweza kupata chuo gani?" Hapo majibu yanamiminika, nenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kule nafasi ni nyingi, jaribu MoCU (Ushirika Moshi) hawabani, kuna chuo fulani hata ukiwa na E mbili wanakupokea, na mtu anaondoka na jina la chuo kichwani akiamini kazi imeisha. Nataka tulifungue hili fundo taratibu, maana kuna vijana wanakosa chuo huku sifa wanazo, kisa walijipima kwa kipimo kisichowahusu, na wengine wanapoteza awamu nzima wakisubiri kozi ambayo kwa masomo yao isingewezekana tangu siku waliyobonyeza kutuma.

Maoni yangu nayatoa mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Kwenye vyuo vya serikali ambavyo havina msongamano mkubwa, waombaji wenzako sio tatizo lako kubwa kama unavyodhani. Kinachowaangusha watu wengi ni sifa za kozi ambazo hawakuzisoma mpaka mwisho, na taratibu za maombi walizomwachia mtu mwingine azifanye. Ushindani upo, ila upo kwenye kozi, haukai kwenye geti la chuo, kwa hiyo ndani ya chuo kimoja unaweza kukuta kozi ambayo watu wanatoana macho na jengo la pili yake kozi ambayo viti havijai.

Tuanze na pointi, hapa ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita ana hesabu mbili za pointi na zinaenda pande tofauti. Ya kwanza ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ya kutafuta divisheni: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, unajumlisha masomo matatu ya kombi yako (mchanganyiko wa masomo uliyosoma), na jumla ikiwa ndogo ndio umefaulu vizuri. Divisheni one ni 3 mpaka 9, two ni 10 mpaka 12, three ni 13 mpaka 17. Ya pili ni ya udahili wa vyuo vikuu, inayotumiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na hii imegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Hapa jumla ikiwa kubwa ndio vizuri. Chuo kinapokwambia kozi hii inataka pointi 4.0 kinaongelea hii ya pili, hakina habari kabisa na ile 15 yako ya divisheni.

Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyopata kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4.0, na hizo mbili ziwe kwenye masomo yanayoibeba kozi unayoomba. Soma tena hicho kipande cha mwisho maana ndicho kinachorukwa. (Kama ulimaliza 2014 au 2015 enzi za ile B+, madaraja yako yana hesabu yake, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na unatakiwa kuwa na C mbili. Usijipigie kwa hesabu ya wadogo zako.)

Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza ana D, D na F. Kwa hesabu ya divisheni ni 4 na 4 na 7, jumla 15. Wa pili ana B, S na F, ni 2 na 6 na 7, jumla 15 vile vile. Mtaani wote ni "three ya 15" na wote wataambiwa waombe chuo kile kile. Kwa TCU ni watu tofauti kabisa. Yule wa D mbili ana prinsipo mbili na pointi 4.0 kamili, anaruhusiwa kuomba. Yule wa B ana 4 na nusu ukijumlisha S, kwa namba kamzidi mwenzake, lakini S sio prinsipo, kwa hiyo ana prinsipo moja tu na mlango wa shahada moja kwa moja umefungwa kwake. Hapo hakuna chuo rahisi kitakachomsaidia, cha serikali wala cha binafsi, sababu sharti hilo ni la nchi nzima na majina ya waliochaguliwa yanapita TCU kuhakikiwa kabla chuo hakijayatangaza. Yule anayekwambia "kuna mtu namjua pale chuoni" kwa jambo hili anakulia hela yako bure.

Mfano mwingine, huu unauma zaidi kwa sababu mhusika sifa anazo. Binti wa HGL ana Historia E, Jiografia C, Kiingereza E. Divisheni yake ni 5 na 3 na 5, jumla 13, three nzuri tu ambayo nyumbani wameishangilia. Kwa hesabu ya udahili Jiografia inampa 3, Historia 1, Kiingereza 1. Akiomba kozi inayokubali Jiografia pamoja na Historia au Kiingereza ana 3 na 1, jumla 4.0, yumo. Akiomba kozi inayotaka Historia na Kiingereza ana 1 na 1, jumla 2.0, hayumo. Ni mtu yule yule na cheti kile kile, chuo kinaweza hata kuwa kimoja, ila kozi mbili zinampa majibu mawili, na ukimwambia tu "we three ya 13 unapata chuo chochote" unaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye ile kozi ambayo mfumo utamkataa bila kuangalia wengine wamepata nini.

Ndio maana kila mwaka TCU inatoa mwongozo wa udahili, upo bure kwenye tovuti yao, na ipo miwili: mmoja wa wenye matokeo ya kidato cha sita, mwingine wa wenye diploma na sifa linganishi. Watu wanaufungua, wanakuta jedwali refu lenye kurasa kibao, wanaufunga. Nakuomba uvumilie, ndani yake kuna kila kitu unachouliza watu. Chini ya kila chuo kuna orodha ya kozi, na kila kozi ina mstari wenye sifa za kuingia, pointi za chini za chuo, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma. Jibu la swali lako la chansi linatoka kwenye huo mstari, na sehemu za kukodolea macho ni tatu.

Sehemu ya kwanza ni jinsi masomo yalivyoandikwa. Kuna kozi zinasema prinsipo mbili kati ya masomo yafuatayo, halafu inafuata orodha ndefu, Historia, Jiografia, Kiswahili, Uchumi na mengine mengi. Hizi ndizo zenye mlango mpana, kombi nyingi zinaingia. Kuna zinazosema prinsipo mbili kwenye somo fulani na somo fulani, hapo hakuna kubadilisha. Na kuna zile za mchanganyiko, prinsipo mbili ambazo mojawapo lazima iwe Kemia, au mojawapo iwe Hisabati. Neno "mojawapo lazima" limeangusha watu wengi mno kwa sababu jicho linaona orodha ndefu ya masomo linafurahi linaacha kusoma. Kwa udaktari wa binadamu zinatakiwa zote tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, sasa mtu wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) anayejaza hiyo kozi eti kwa kujaribu bahati ameshatupa nafasi moja kwenye fomu yake.

Sehemu ya pili ni masharti ya ziada yanayokaa mwishoni mwa sentensi, hasa ya kidato cha nne. Kozi nyingi za biashara, uhasibu na uchumi zinasema kama hukufaulu Hisabati kama prinsipo kidato cha sita, basi uwe na angalau S ya BAM (ile hisabati ya nyongeza ya kidato cha sita), au daraja fulani la Hisabati la kidato cha nne. Mtu wa HGL hakusoma BAM. Kama kidato cha nne alipata F ya hesabu, basi pamoja na pointi zake nane au tisa anatolewa, na kwenye orodha anaona tu kwamba hakuchaguliwa, anarudi nyumbani akisema ushindani ulikuwa mkali. Hakuna aliyeshindana naye. Ikague kozi kwa vyeti vyako vyote viwili, cha nne na cha sita, na ukiona neno kama "au" au "pamoja na" simama hapo usome polepole.

Sehemu ya tatu ni idadi ya nafasi, na hapa ndipo tunaingia kwenye ushindani wenyewe.

Kukidhi sifa maana yake umeruhusiwa kuingia kwenye foleni. Chuo kikipokea maombi kinaondoa kwanza wasio na sifa, halafu waliobaki kinawapanga kwa ufaulu kuanzia juu mpaka nafasi ziishe. Kama kozi ina nafasi 200 na wenye sifa walioomba ni 120, wote wanaingia, hata yule mwenye 4.0 ya kubahatisha. Kama nafasi ni 50 na wenye sifa ni 600, basi 4.0 yako ipo kwenye karatasi tu, na aliye wa mwisho kuchaguliwa anaweza kuwa na pointi ambazo kwenye mwongozo hazijaandikwa popote. Ile namba ya mwongozo ni sakafu, chini yake huendi, juu yake dari linawekwa na wenzako walioomba mwaka huo huo kozi hiyo hiyo. Ndio maana mtu akikuapia kwamba mwaka jana kaka yake aliingia na 4.5 hajakudanganya, ila hajakuahidi chochote pia.

Sasa chuo kisichogombewa sana ni kipi? Sitakupa orodha ya majina, itakupotosha, lakini dalili zake nakupa. Tazama vyuo na kampasi za pembezoni mwa miji mikubwa, tazama kampasi mpya. Kuna mradi wa serikali unaoitwa HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao umejenga na unajenga majengo na kampasi za vyuo vya umma kwenye mikoa ambayo haikuwa na chuo kikuu, na kila kampasi mpya inapofunguliwa kozi inakuwa na viti ambavyo wazazi wengi hawajavisikia bado. Tazama pia taasisi za serikali ambazo hazina neno "chuo kikuu" kwenye jina lakini zinatoa shahada kamili, CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), TIA (Taasisi ya Uhasibu), Chuo cha Mipango Dodoma, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere Kigamboni, IAA (Chuo cha Uhasibu Arusha), IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha). Hizi zina sifa za kuingia zile zile za chini na baadhi ya kozi zake zina nafasi nyingi, ila kuna watu wanaziruka kwa sababu moyo umeshapangiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini hata hapa rudi kwenye kozi. Uhasibu ndani ya taasisi yenye jina kubwa kwa uhasibu hautakuwa mteremko eti kwa sababu sio chuo kikuu. Na upande wa pili, ndani ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chuo chenye heshima zake tangu 1984, kuna kozi kama usimamizi wa nyanda za malisho ambazo mwanafunzi wa kawaida wa CBG hata haziwazi, wakati ufugaji wa nchi hii ulivyo mkubwa na migogoro ya ardhi ya malisho inavyohitaji watu waliosomea.

Kitu kingine kinachowatisha watu bila sababu ni idadi ya walioomba. Unasikia chuo kimepokea maombi maelfu kwa maelfu unakata tamaa kabla hujajaza. Hizo namba zinabeba vivuli vingi. Mpaka 2017 kulikuwa na mfumo mmoja wa pamoja, unaomba TCU mara moja na mfumo unakupangia. Tangu hapo kila mtu anaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo na mfumo wake na ada yake, kwa hiyo mtu mmoja akiomba vyuo vinne anahesabika mara nne. Piga picha kozi yenye nafasi 100 na maombi 500, mfano wa kubuni tu huu. Kwa haraka ni mmoja kati ya watano. Toa 150 ambao kombi haziendani, wamebaki 350. Kati ya hao 350 toa wenye A na B zao ambao wameomba hapa kama akiba na watachukuliwa na chuo wanachokitaka kweli. Waliobaki, ambao mtaishia kugombania viti halisi, ni wachache kuliko ile 500 iliyokutoa jasho, na jinsi chuo kinavyokuwa chaguo la akiba kwa wengi ndivyo tofauti kati ya namba ya maombi na ushindani wa kweli inavyozidi kuwa kubwa.

Na hii inatupeleka kwenye awamu, mambo ya awamu ni ya kuyaelewa vizuri. Udahili unaenda kwa awamu, ya kwanza, ya pili, na mara nyingi ya tatu. Awamu ya kwanza ikiisha kuna watu wanajikuta wamechaguliwa vyuo viwili, vitatu, na hao TCU inawataka wathibitishe kimoja, wanatumiwa namba ya siri kwa meseji, wanaingia kwenye akaunti yao ya chuo wanachokitaka wanakonfemu. Kwenye vile vyuo vingine walivyoviacha viti vinarudi. Kwa chuo kinachogombewa, viti vinavyorudi ni vichache. Kwa chuo cha akiba vinaweza kurudi vingi sana, kwa hiyo aliyekosa awamu ya kwanza akirudia awamu ya pili akiwa na pointi zile zile anaweza kupata, na hakuna muujiza wowote hapo, waliomtangulia wamehama tu.

Lakini usiichukulie hii kama ruhusa ya kuchelewa. Awamu ya pili inafunguliwa kwa kozi ambazo bado zina nafasi, zilizojaa zimejaa. Mwenye pointi 4.0 au 5.0 akiikalia awamu ya kwanza yote, halafu aje ya pili, anakuta zile kozi zenye mlango mpana zimemezwa na watu wa pointi kama zake waliowahi. Ushauri wangu kwa mwenye pointi za chini ni kuomba siku za mwanzo za awamu ya kwanza kabisa, na kwenye kozi utakazochagua kwa kila chuo usijaze zote za ndoto. Mifumo mingi inakupa kuchagua kozi kadhaa kwa mpangilio. Weka moja unayoitamani hata kama ni ngumu, hilo sikukatazi, lakini hakikisha ndani yake kuna angalau moja ambayo ukisoma sifa zake unaona masomo yako yanaingia bila kusukuma na idadi ya nafasi ni kubwa. Nimeona fomu ya kijana wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) mwenye pointi 5 amejaza uchumi, uhasibu, uchumi na takwimu, benki na fedha, zote za mjini, zote zinakimbiliwa na watu wa EGM na ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) wenye pointi za juu kuliko zake. Sifa za hizo kozi anazo zote na bado anaweza kukosa zote.

Wenye diploma msijione mpo nje ya haya. Kwenu sharti la jumla ni kufaulu masomo manne kidato cha nne kuanzia D, na diploma yenye GPA ya angalau 3.0, halafu diploma yenyewe iwe inaendana na kozi. Huu uhusiano wa diploma na shahada ndio unaoleta vilio. Mwongozo wenu unataja aina za diploma zinazokubalika kwa kila kozi, na kama yako haipo kwenye orodha hiyo hata GPA ya 4.5 haitaisogeza. Halafu mnahitaji namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile AVN, na hii naisisitiza sana kwa sababu watu wanaikumbuka siku mbili kabla dirisha kufungwa, chuo chao cha diploma hakijapeleka matokeo NACTVET, namba haitoki, na maombi hayaendi popote. Ifuatilie mara matokeo yako yanapokamilika, usisubiri dirisha lifunguliwe.

Sasa niseme kuhusu steshenari, kwa uchungu kabisa. Vijana wengi hawana kompyuta na wanaenda kwa mtu wa steshenari anayewafanyia maombi kwa buku mbili tatu. Hakuna ubaya, wengi wao wanafanya kazi nzuri. Ubaya ni pale mtu huyo anapojaza barua pepe yake mwenyewe na namba ya simu ya dukani kwa sababu wewe huna barua pepe na siku hiyo simu yako imezima chaji, anaweka pasiwedi anayoijua yeye, anakukabidhi risiti unaondoka. Wiki tatu baadaye umechaguliwa vyuo viwili. Namba ya siri ya kuthibitisha imetumwa dukani kwenye simu inayopokea meseji mia kwa siku, wewe upo kijijini unasubiri, muda wa kuthibitisha unapita. Mtu kama huyo pointi alikuwa nazo na kiti alipewa. Kwa hiyo kaa pembeni yake wakati anajaza, hakikisha namba ya simu ni yako unayoitumia na hutaibadilisha mpaka ufike chuoni, index namba yako ya kidato cha nne na ya sita zimeandikwa sawasawa mpaka mwaka wa mtihani, barua pepe fungua yako, pasiwedi iandike kwenye daftari, na jina la kozi lisome kwa macho yako kwenye skrini kabla hajabonyeza, maana ndani ya chuo kimoja kuna kozi mbili zinafanana majina na sifa zake hazifanani kabisa.

Kuhusu mkopo nitapita haraka. Udahili na mkopo ni mambo mawili, TCU na vyuo upande mmoja, Bodi ya Mikopo upande mwingine, maombi yake ni tofauti na dirisha lake ni tofauti. Kupata chuo cha serikali hakukupi mkopo moja kwa moja, na usichague kozi kwa kusikia tu kwamba ndiyo inapewa bumu. Ila kama familia haiwezi ada, soma mwongozo wa Bodi wa mwaka huo kabla hujathibitisha, maana kuna mtu atachaguliwa kozi mbili na mkopo ndio utakaoamua ipi anaweza kuimaliza.

Na ukishaingia, kumbuka kuna uhamisho. Baada ya udahili kuna kipindi cha kuhama kozi au hata chuo, na sharti lake ni kwamba kozi unayohamia uwe na sifa zake na iwe na nafasi. Watu wanaliamini sana hili, wanaingia kozi yoyote wakisema nitahama. Usiliweke kama mpango wako wa kwanza. Kozi iliyokukataa kwa sababu ya masomo itakukataa tena kwenye uhamisho kwa sababu ile ile, na iliyojaa itakuwa bado imejaa. Linamfaa zaidi mtu ambaye sifa anazo na kozi anayoitaka imebaki na viti.

Wale ambao baada ya kusoma haya wamepiga hesabu wakakuta hawafiki 4.0, au wana prinsipo moja tu kama yule wa B, S na F, wao pia njia wanazo, na wasipoteze ada ya maombi kwenye shahada kwa kubahatisha. Ya kwanza ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo ni chuo cha umma pia. Huko unasoma, na ukimaliza na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na angalau C kwenye masomo matatu ya kundi lako, huku kidato cha sita ukiwa na angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, unatambulika na TCU kuomba shahada. Pointi 1.5 ni E moja na S moja. Yule wa B na S anazo hizo na zinabaki. Ya pili ni diploma, ambayo inachukua muda zaidi lakini unatoka na cheti kinachosimama chenyewe hata ukiamua kuanza kazi, na vyuo vya serikali vinavyotoa diploma viko mikoa mingi. Hapo sharti la kushika ni lile la kuangalia kwanza mwongozo wa wenye diploma, uone shahada unayoitaka inapokea diploma zipi, ndipo uchague diploma. Ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hii ina maana zaidi kwa mtu aliyekosa kidogo kwenye somo moja analolimudu, mfano mwenye D na S ambaye S ile ikiwa D anafika nne, kuliko kwa mtu anayetaka kurudia masomo yote matatu huku anafanya kazi mchana.

Kwa yule wa B, S na F ningemshauri aanze na Huria. Gharama aiulize kituo cha mkoa wake, vituo vya Huria viko mikoani, na wakati huo huo aangalie ile B yake ni ya somo gani, kwa sababu kundi la masomo atakalochagua kwenye programu ya msingi ndilo litakaloamua shahada gani zitamfungukia mwakani.